Atakayebaki na Jua

Ndahani alikufa mchana, kama wafavyo wa jua wote, na watu wa Mbulwe hawakujua mpaka giza lilipoingia. Waliamka, wakapanda ngazi kutoka vyumba vya chini vya tembe zao za udongo, wakapiga miayo, wakaulizana habari za mchana kama ilivyo desturi ya watu wanaolala mchana, na kila mmoja akajibu kwamba mchana ulikuwa mwema. Dada yake, Sechelela, alikuwa amekwisha kumwekea ugali wa uwele na mlenda pale mlangoni. Ugali ulipoanza kushika ngozi juu ndipo alipouliza, "Ndahani mbona hajashuka?"

Walimkuta juu ya ulingo wa kulindia shamba, ameketi, mgongo kwenye nguzo, kamba za makopo ya kutishia ndege bado zimezungushwa kwenye kiganja. Midomo ilikuwa imepasuka na dumu la maji lilikuwa tupu. Alikuwa hajafika miaka thelathini, na kwa mtu wa jua huo ni uzee wa kutosha. Upande wote wa mashariki wa shamba, masuke ya mtama yalikuwa yamebaki vijiti. Mtu mmoja akasema kwa sauti kwamba kwa jinsi kwelea walivyokula, marehemu lazima alikata roho asubuhi na mapema. Sechelela alimgeukia mtu yule, akataka kumtukana, akakosa tusi la kutosha.

Wakamzika usiku uleule. Hakuna aliyewasha taa, maana hapakuwa na haja. Kila mmoja pale makaburini alikuwa na kioo machoni, na mwanga wa nyota ulimtosha kuona hata mchwa anayetembea kwenye sanda. Binti wa marehemu, Mbumi, ndiye pekee aliyeshikwa mkono asianguke kwenye mashimo, kwa kuwa alikuwa bado hajatiwa kioo. Mama yake alikufa akimzaa. Sasa baba naye ameondoka, na mtoto alikuwa na umri wa meno ya utoto.

Udongo ulipokwisha kusawazishwa, mwenyekiti wa kijiji, Mzee Chidawali, alikuja akasimama kando ya Sechelela.

"Mbukwa, mama," alimsalimu. "Pole sana. Ndahani alikuwa kijana wetu sote."

"Tumeshapoa, mwenyekiti."

"Ningekuacha ulie. Ningependa kukuacha ulie. Lakini mtama hauna matanga."

Sechelela alimshika Mbumi mkono. Alijua kinachokuja, kama anavyojua kila mtu aliyewahi kula mtama wa Mbulwe.

"Mila unaijua. Ulingo ukimpoteza mtu, nyumba iliyompoteza ndiyo inayoujaza. Na kwako kuna watoto wawili ambao hawajatiwa, huyu wa marehemu na Nyemo wako."

"Na Kituo cha wataalamu kimeleta chupa moja tu ya kioo," alisema Sechelela.

"Kituo kinajua kazi yake. Kijiji lazima kiwe na mtu wa mchana, ndiyo maana kila mara huleta chupa pungufu." Mzee alikung'uta udongo mikononi. "Nani atiwe na nani aachwe, hilo ni lako. Wewe ndiye mtia kioo. Sisi hatutaki kujua ulichaguaje. Tunachotaka ni kuamka na kukuta mtama."

"Mtoto wa umri huu ataweza shamba zima?"

"Kaka yako alianza na umri gani? Kamba avute, makopo yalie, basi. Tutawasha moshi pembezoni huku tukikusubiri. Ila kwelea wanauzoea moshi, unajua mwenyewe. Usituchelewee."

*

Kuamia ndege, kuwafukuza wasile mazao, ni kazi ya zamani kuliko tembe yenyewe. Enzi za bibi yake Sechelela, kila shamba la Ugogo lilikuwa na ulingo wake na watoto wake wa kuamia, wakipiga makelele na kurusha kombeo tangu mapambazuko, na walikuwa wakilalamika kwa njaa na uchovu, si kwa kufa. Kisha jua likabadilika. Likawa la kuua ng'ombe wakiwa wamesimama. Watu waliolima mchana walianguka mashambani, serikali ikahesabu maiti, na wataalamu wakaja na kioo.

Sechelela aliifahamu habari ya kioo kuliko yeyote kijijini, kwa sababu ndiyo aliyofundishwa Kituoni. Ng'ombe anacho, paka anacho, komba anacho: utando nyuma ya jicho unaourudisha mwanga uliokwisha kupita, ili jicho liutumie mara ya pili. Binadamu hana, nguruwe hana. Tone moja katika kila jicho hupeleka kirusi kilichofugwa hadi kwenye chembe za jicho, na kirusi huzifundisha kujenga kile ambacho hazikujua kukijenga. Kisha hupenya ndani zaidi na kuigeuza saa ya mwili, mtoto alale kukicha na aamke kukichwa. Dozi haigawanyiki. Waliojaribu kugawa walipata watoto wasioona usiku wala mchana, na watoto hao hakuna aliyependa kuwasimulia. Kioo hushika kwa mtoto mdogo tu, aliye bado na meno yote ya utoto. Ndiyo maana vijijini ikawekwa desturi ya kukagua kinywa. Kabla mtoto hajatiwa, mwenyekiti humfungua mdomo mbele ya watu, na akikuta pengo, mtoto huyo hatiwi tena maisha yake yote.

Watu wakahamia usiku, na mambo yakawa mazuri kwa kiasi chake. Walilima kwa ubaridi. Ng'ombe walikubali kuchungwa gizani. Wataalamu wakabadili hata maboga, yakafungua maua usiku yachavushwe na nondo. Kilichowashinda ni ndege. Kwelea ni wa mchana, na mashine za kumtisha alizizoea kwa muda mfupi kuliko uliotumika kuzifunga. Anamwogopa mtu tu, tena mtu anayemwona. Na mtu mwenye kioo akitoka juani haoni kitu zaidi ya moto mweupe, na akikaza macho hupofuka kabisa. Basi ilibidi mtu mmoja abaki nyuma, kwenye mchana ambao wenzake wote wameukimbia. Hakuna aliyeipenda kanuni hiyo na hakuna aliyeacha kula.

Usiku wa pili baada ya maziko, Sechelela alikuwa akisaga uwele, na wasichana wawili wamekaa ubavuni mwake kwenye mwanga wa kibatari kilichowekwa kwa ajili yao. Nyemo alikuwa mwoga, mwenye maneno mengi. Mbumi alikuwa akisikiliza zaidi, na akiuliza, huuliza kitu kimoja mpaka akimalize.

"Shangazi, fisi ni wa usiku kwa sababu ni mbaya?"

"Hapana. Mnyama wa usiku si mbaya. Mwingine ameumbwa hivyo, kama komba na popo. Hata miti iko hivyo. Msufi hufungua maua jioni kumngoja popo, na mkonge hupumua usiku ili jua lisiunyonye maji. Mwingine hakuumbwa hivyo, amekimbilia tu. Tembo zamani alitembea mchana peupe. Watu walipomzidi kwa bunduki, akahamia gizani."

"Na sisi tumeumbwa au tumekimbilia?"

"Sisi tumekimbia, mwanangu."

Mbumi alifikiri. "Na kwelea?"

"Kwelea hatahamia popote. Mchana ni wake."

"Kwa hiyo lazima mtu abaki naye."

Sechelela aliendelea kusaga. Nyemo alianza kusema kwamba yeye jua analiogopa, kwamba siku moja aliligusa kwa mguu pale mlangoni, likamuuma, na Mbumi akamcheka, akasema ukilizoea haliumi hivyo. Baba yake Mbumi alikuwa akimpandisha ulingoni asubuhi mpaka jua linapochomoza vizuri, akimwonyesha ndege wanavyokuja, kwanza wachache, kisha wengi mpaka unashindwa kuona mti uko wapi. Alieleza hayo kwa majivuno, kama mtoto mwingine anavyoeleza safari ya mjini.

*

Kulipoanza kupambazuka walishuka kulala. Wasichana walilala nyuma ya pazia la gunia. Sechelela alikaa kitandani na chupa mkononi, kijichupa kisichozidi kidole gumba, na mumewe, Yusto, akamwangalia bila kulala.

"Tumalize tu," alisema Yusto. "Unajitesa bure. Hili jambo halina maswali."

"Lina maswali. Nimeshayajibu. Nitamtia Mbumi."

Yusto alikaa wima. "Unasemaje?"

"Baba yake ameliwa na jua ili sisi tule. Mimi nilikula mtama wa Ndahani tangu nikiwa msichana. Na aliachwa kwa sababu chupa ilikuwa moja, kama hii, nikatiwa mimi. Siwezi kumchukua na mtoto wake pia. Baba na mwana, Yusto? Tukifanya hivyo leo, kesho watakuwa ukoo. Watu watasema wale ndio wa jua, wamezaliwa hivyo."

"Wameshaanza kusema. Yatima hadeki, Sechelela. Sikukutungia mimi msemo huo."

"Najua."

"Na Nyemo je? Atakuwa anashuka wewe unapanda. Utamwona magharibi, saa ya kula, akiwa amekwisha nguvu. Kisha siku moja utapanda ukute hajashuka. Utamzika mwanao wewe mwenyewe." Alionyesha pazia kwa kidevu. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe ni mzazi wa nani?"

"Wa wote wawili."

"Hakuna mtu mzazi wa wote wawili! Sema ukweli wako mara moja."

Nyuma ya pazia Nyemo alianza kulia, ile kwikwi ya mtoto anayejaribu kulia bila kusikika. Mbumi alimnyamazisha. Alisema kitu kwa sauti ya chini, Sechelela hakukipata, kisha pakawa kimya. Yusto aligeukia ukutani. Sechelela alibaki ameshika chupa mpaka ikapata joto la mkono wake, na alikuwa amedhamiria kweli. Hilo lazima lisemwe kwa haki yake, kwamba asubuhi ile alikuwa amedhamiria.

*

Watu walikusanyika uwanjani mara nyota zilipojaa. Kutia kioo ni sherehe, hata mwaka wa msiba. Wanawake walikuja na ngoma zao wakaziweka magotini bila kuzipiga, kwa heshima ya marehemu, na macho yao yaliwaka kijani kila kibatari kilipotikisika. Harufu ya moshi wa pembezoni mwa shamba ilikuwa imefifia. Asubuhi ile kwelea walikuwa wamepita juu yake wakala tena.

Sechelela alisimama katikati, akiwa amenawa mikono kwa majivu. "Mbumi," aliita.

Mnong'ono ulizunguka uwanja. Walitarajia jina jingine. Yusto, aliyekuwa amembeba Nyemo, aliinamisha kichwa.

Mbumi alikuja taratibu, mkono mmoja ukiwa umefumbatwa, mdomo umefungwa kabisa. Mzee Chidawali alimwinamia, akamshika kidevu.

"Fungua, mama."

Mtoto alifungua. Mzee alisogeza kibatari karibu zaidi, akachungulia, akanyooka pole pole. Katikati ya meno ya chini kulikuwa na pengo, na pengo lilikuwa bado jekundu.

"Limeng'oka lini hili?"

"Leo."

"Lenyewe?"

Mbumi alimtazama shangazi yake, kisha akamtazama mzee. "Limeng'oka," alisema, na akafumbua mkono wake.

Sechelela alilichukua jino. Aliligeuza kati ya vidole. Jino la utoto likianguka kwa wakati wake huwa kikofia tu, halina mzizi. Mwili umeshaula mzizi kutoka chini kulipisha jino jipya. Hili lilikuwa na mzizi wake wote, mrefu, mzima, na kipande cha nyama kimening'inia. Aliutazama mdomo wa mtoto. Ndani ya mdomo wa chini palikuwa pamevimba na kuchanika, mahali jiwe lilipogonga zaidi ya mara moja kabla ya kupata lilichokitafuta.

Na alijua jambo jingine, ambalo wala mwenyekiti wala mtu yeyote pale uwanjani hakulijua. Kioo hakisomi meno. Kinasoma umri wa mwili, mifupa, damu, saa iliyomo ndani. Jino ni alama tu, ambayo wataalamu waliwapa wanavijiji kwa kuwa ni rahisi kuiona. Kung'oa jino kwa jiwe hakumzeeshi mtoto hata kwa siku moja. Mbumi angeweza kutiwa papo hapo, na kioo kingeshika barabara. Ilihitajika tu mtu aseme hivyo, na mtu wa kusema alikuwa mmoja.

"Basi," alisema Mzee Chidawali, na kila mtu alisikia namna sauti yake ilivyopumua. "Mwenyezi Mungu amechagua mwenyewe. Hakuna wa kulaumiwa."

"Hakuna," walijibu watu.

Sechelela alimwona Yusto ameinua kichwa. Hakuwahi kuona uso wa mumewe ukiomba vile. Alimwona Nyemo akiwa ameng'ang'ania shingo ya baba yake kwa mikono miwili. Alifungua kinywa ili aseme kuhusu mzizi. Aliyafikiria maneno yenyewe, yalikuwa machache na ya kueleweka. Jino lilikuwa kwenye kiganja chake na kiganja kikajifumba.

"Nyemo," alisema. "Njoo, mwanangu."

Yusto alimleta mbio. Chidawali alimkagua kinywa, akakuta meno yote. Sechelela alitia tone jicho la kulia, akatia tone jicho la kushoto, mkono wake haukutetemeka hata kidogo, na baadaye hilo ndilo lililomchukiza kuliko yote. Mtoto alipiga kelele mara moja, wakamfunga macho kwa kitambaa, na wanawake wakazikumbuka ngoma zao. Mbumi alikuwa amesimama palepale alipoachwa, akilamba damu mdomoni, akionekana ameridhika.

*

Mavuno ya kwanza yalikuwa bado majuma mawili mbele, na katika siku zilizofuata Mbumi alifanya kazi yake vizuri kuliko mtu alivyotazamia. Mapambazuko yalimkuta juu ya ulingo. Watu walipokuwa wakishuka kulala walimsikia akipiga makelele, "Haaa! Hooo!" kwa sauti nyembamba, na makopo yakiitikia kutoka ncha moja ya shamba hadi nyingine. Sechelela aliyasikia kupitia dari la udongo, akayasikiliza mpaka adhuhuri, saa ambayo ndege hupumzika kwenye miti ya miiba na mtoto huingia kwenye shimo la kivuli chini ya ulingo. Kisha aliyasikia tena alasiri. Hakulala. Yusto alilala usingizi wa mtu aliyepona ugonjwa.

Magharibi Mbumi alishuka. Pua ilikuwa imembanduka ngozi na midomo imekauka. Sechelela alimpaka samli usoni, akamwekea chakula, na kila jioni mtoto alifanya jambo lilelile kabla ya kula: alifungua mdomo, akauvuta mdomo wa chini kwa kidole.

"Shangazi, tazama. Limeanza?"

"Bado."

"Lini litaanza?"

"Meno hayana haraka. Kula."

Jioni moja hakula. "Likiota chupa inayokuja itakuwa yangu, eh?"

Sechelela aliweka chini kibuyu cha samli. Mpaka hapo alikuwa amejiambia kwamba mtoto alijua alichokuwa akikitoa. Alikuwa ameegemea hilo kama mgonjwa anavyoegemea ukuta. "Nani kakwambia hivyo?"

"Mwenyekiti anatazama kama una meno yote. Likiota nitakuwa nayo yote." Alieleza kwa subira, kama anayemfundisha mdogo wake. "Nyemo alikuwa analia sana. Nikamwambia atangulie yeye. Mimi jua nalijua, naweza kungoja."

Jibu la "ndiyo" lilikuwa tayari kwenye ulimi. Lingetosha kwa mwaka mzima, labda miwili. Lingempandisha mtoto ulingoni kila asubuhi akiimba. Kijiji kizima kingemshukuru. Sechelela alilitazama lile pengo, na akaona kwamba akisema uongo huo atausema kila jioni mpaka mmoja wao afe.

"Haiwezekani, mwanangu," alisema. "Jino jipya likiota utakuwa umepita umri. Kioo hakitashika."

Mbumi aliutoa mkono mdomoni. "Kwa hiyo nisingeling'oa..."

"Ungetiwa wewe."

"Na nilipoling'oa ikawa basi."

Hapo palikuwa na mlango wa mwisho wa kutokea, na mtoto mwenyewe ndiye aliyeufungua. Sechelela hakupita. "Hapana. Hata ulipoling'oa ilikuwa inawezekana. Jino si kitu. Ni alama tu."

"Mwenyekiti hakujua?"

"Hakujua."

"Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Siku ileile?"

"Siku ileile. Nilikuwa nimelishika mkononi."

Sechelela alingoja kilio, alingoja tusi, angepokea hata jiwe. Mbumi alivuta sahani, akala ugali wake wote, akachovya mlenda mpaka ukaisha, akanawa. "Nyemo anajua?" aliuliza.

"Hajui."

"Usimwambie," alisema, na akaenda kujilaza.

*

Asubuhi Sechelela alilala chali gizani akingoja ile sauti nyembamba. Alikuwa amemsikia mtoto akitoka, amesikia dumu la maji likigonga kizingiti. Kwa hiyo alikuwepo. Lakini jua lilipanda, joto likaanza kupenya kwenye ngazi, na hakuna aliyepiga makelele wala kopo lililolia. Kisha kikaja kitu kingine, mvumo kama mvua inayokuja kutoka ng'ambo ya mbuga. Ulikua, ukapita juu ya tembe, ukatua. Baada yake ikabaki ile sauti kavu ya midomo elfu kwa maelfu ikipasua punje.

Kijiji kilikuwa kimelala. Sechelela alifikiri kumwamsha Yusto, na Yusto angemwamsha Chidawali, na alijua wangemfanya nini mtoto jioni: wangempiga, na kesho wangemfunga mguu kwenye nguzo ya ulingo. Si kwamba ni watu wabaya. Wangefanya hivyo kwa sababu wana njaa, na kwa sababu walikuwa wameshasema hakuna wa kulaumiwa.

Alichukua kaniki yake, akaikunja mara nne, akaifunga machoni kwa nguvu mpaka kichwa kikauma. Alichukua debe na mti wa kusongea ugali. Akapanda ngazi.

Jua lilimpiga usoni kama mlango wa tanuri. Hata kupitia kaniki mwanga uliingia, mwekundu, na machozi yakaanza kumtoka nyuma ya kitambaa. Aliifuata njia kwa miguu, akaipata kamba ya kwanza ya makopo kwa mkono, akaishika. Mbele yake shamba zima lilikuwa likitafunwa. Akaachia kamba, akaingia kati ya mistari ya mtama akipiga debe na kupiga makelele, "Haaa! Hooo!" Ndege waliruka mbele yake kwa kishindo, akahisi upepo wa mabawa yao shingoni, na kabla hajavuta pumzi wakatua nyuma yake. Aligeuka, akakimbia, akaanguka juu ya kisiki, akaliokota debe kwa kupapasa, akaanza tena. Kwelea anamwogopa mtu anayemwona. Huyu walijua upesi kwamba hawaoni.

"Mbumi!" aliita. "Wako upande gani?"

Hakuna aliyejibu. Lakini aliusikia ulingo ukilia, mbao zikikaza chini ya uzito mdogo uliohamia ukingoni ili uone vizuri. Ncha za kamba zote zilikuwa pale juu, mikononi mwa mtoto, na hazikuvutwa.

Sechelela alienda akipiga debe mpaka mikono ikafa ganzi, mpaka sauti ikawa mkoromo, mpaka ngozi ya mabega ambayo haikuwahi kuliona jua ikaanza kuwaka. Hakujua amekwenda mbali kiasi gani. Alijua tu kwamba mahali aliposimama palikuwa kimya, na akafikiri labda hapo ameshinda, akazidisha kupiga palepale kwa nguvu alizobaki nazo.

Ndipo ile sauti ndogo ikashuka kutoka juu, karibu sana naye, haina hasira.

"Huko hakuna ndege, shangazi. Huko wamekwisha kula."

Sechelela aligeuka na debe lake. Alisimama juani, amefungwa macho, akingoja aambiwe aelekee wapi, na hakuambiwa.